Mkoba wa Msimamizi

"Fungua mkoba," nikamwambia msimamizi wetu mpya mbele ya mafundi wote.

Ni binti wa umri wa mjukuu wangu. Kwa wiki mbili, kila tulipotoka kwenda kula mchana, alibaki peke yake kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, na jioni mkoba wake ulitoka umetuna. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo ndiyo kazi yangu.

"Babu, tuyaongelee pembeni."

"Pembeni kuna nini? Hapahapa!"

Meneja akatoka ofisini. Binti akanitazama, kisha akafungua zipu kidogo, upande wangu tu.

Kola za mashati. Nyingi, zimekatwa vibaya, pembe moja ndefu kuliko nyingine. Kwenye kila kola kulikuwa na alama yangu ya chaki, ile ile ninayoiweka mwaka wa thelathini sasa.

"Nilikata nyingine badala yake," akaninong'oneza. "Hakuna anayejua."

Nikauficha mkono wa kulia mfukoni. Ulikuwa umeanza tena kutetemeka.

"Haya, Mzee," meneja akasema huku akinyoosha shingo. "Ameiba nini?"