Jibu la Nyumba Moja

Mwanaidi alitumwa na halmashauri ya mji kupita nyumba kwa nyumba, akiuliza kama watu wangeipigia kura tozo ya kujenga madarasa. Wengi wakikataa, kura yenyewe isingeitishwa.

Alipofika kwa Bwana Sengo, fundi seremala, na mkewe Bi Tausi, walimjibu kwa pamoja: "Hapana."

"Maisha magumu, binti," Bwana Sengo akaongeza, kisha akaingia ndani kumletea maji.

Bi Tausi akamsogelea. "Mimi nitapiga ndiyo. Wajukuu zangu wanakaa sakafuni kule shuleni. Ila mume wangu asijue. Mgongo unamsumbua na bado anafanya kazi. Ataona namtwisha mzigo mwingine."

Mwanaidi akanywa maji, akaaga. Bwana Sengo akamsindikiza hadi barabarani, na huko akapunguza sauti.

"Niandikie ndiyo, mwanangu. Lakini mke wangu asisikie. Nilimwahidi bati jipya kabla ya masika."

"Si mzungumze tu, baba?"

"Tulishazungumza. Tukakubaliana hapana."

Mzee akarudi kwake. Mwanaidi akabaki na kalamu mkononi. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu kwa kila nyumba, na majibu yangesomwa kwenye mkutano wa mji, nyumba kwa jina.

Akageuka. Barazani, wale wawili walikuwa wakichambua mchele kwenye ungo mmoja, na kila mmoja aliinua uso kumtazama Mwanaidi pale mwenzake alipoinama.