Nipeni Nakwa

Kitendawili cha kumi na saba nacho kilikuwa kimeshaibwa. Josephine alikisoma kwenye simu mara mbili, akamtazama bibi yake, Kornelia, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni.

"Neno kwa neno, Bibi. Hata nukta hajaidondosha."

Vitendawili hivyo Bibi Kornelia alivitunga mwenyewe, miaka na miaka, mikono ikipukuchua mahindi na watoto wake wamemzunguka. Vyote aliviandika kwenye daftari moja. Mchapishaji wa Arusha alikubali kuvitoa kama kitabu, kisha juzi akapiga simu: mbona viko mtandaoni mwaka wa tatu sasa? Yeye hachapi kazi ya kuiba.

Ya kuiba! Aliyeibiwa ndiye akaitwa mwizi.

Mwizi mwenyewe hakuwa na jina. Ukurasa wake ulikuwa na picha ya mafiga matatu tu, na wafuasi elfu arobaini. Alikuwa akitega, watu wakishindwa wanampa mji, kama desturi ilivyo, ndipo atoe jibu. Wakampa Dar, wakampa Dubai. Yote alikataa.

"Nipeni Nakwa," aliandika kila mara.

"Anatukejeli huyu," alisema Josephine. "Anajua mpaka tunakokaa."

"Basi na afungiwe. Hawezi kula chunguni mwangu, halafu mimi ndiye niitwe mdokozi."

Wakaenda steshenari kwa Muzamil, karibu na stendi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Nimeibiwa."

Muzamil alisikiliza mpaka mwisho. "Na hili daftari ulimwazima nani?"

"Halijawahi kutoka sandukuni."

"Basi mwizi wako ni jini, tena jini mwenye bando."

Alicheka peke yake, akaacha. Akaanza kupiga picha daftari, ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na tarehe za zamani zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, ili wenye mtandao wapelekewe ushahidi.

"Bibi, huu wa mwisho umechanwa."

"Aliuchana Evangelina, mwanangu wa mwisho, siku niliyomfukuza nyumbani. Mwaka wa kumi na moja huu, sijui hata yuko wapi. Wewe endelea na hizo zilizobaki."

Josephine aliandika malalamiko. Kitufe cha kutuma alikibonyeza Bibi mwenyewe, kwa kidole chenye vumbi la maharage, na alikibonyeza kwa nguvu kama anayeua chawa.

Siku ya nne jibu likaja. Josephine alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Ameshafungiwa, Bibi! Ukurasa wote umefutwa. Haurudi tena, na yeye hapatikani tena, hata ukitaka kumwandikia. Kitabu chako kinatoka!"

Bibi alicheka, akazungusha ungo wake. Makapi yakaruka, maharage yakabaki.

"Ila alitega kimoja leo asubuhi, kabla hawajamfuta," alisema Josephine. "Nilikipiga picha. Hiki mimi sikijui, labda safari hii katunga mwenyewe. Sikiliza: Namfukuza yeye, nalia mimi."

Ungo ukasimama.

"Moshi," alisema Bibi.

"Kumbe ni chako?" Josephine alilichukua daftari, akalifunua lote, mbele mpaka nyuma. "Mbona humu hakimo?"

Bibi Kornelia alilivuta daftari mapajani. Akapapasa pale mwisho, kwenye vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye pini.

"Kilikuwa hapa," alisema. "Mfungulie, Josephine. Mfungulie mwanangu."