Pilau ya Wanahisa

Nyie mliosoma sana, wekeni vitabu pembeni niwape moja. Fisi alikuwa na kiwanda cha ngozi, na uchafu wake wote aliumwaga mtoni, ukashuka hadi kwa vyura. Viluwiluwi vya Mama Chura vikawa vinaugua kila kukicha. Mama wa watu akaenda kumwomba Fisi aweke mtambo wa kuchuja maji.

"Maji yenyewe mbona safi!" Fisi akacheka. "Mimi nina wanahisa wa kushibisha, mama."

Siku ya mkutano mkuu ikafika. Na mwanahisa, msidanganyane, haendi mkutanoni kusikiliza, anaenda kula. Fisi akawapa vyura kazi ya kupika, apate kujisifu kwamba anawajali majirani. Pilau ikaja inanukia. Wanahisa, mafisi watupu, mate yakawatoka.

"Karibuni," akasema Mama Chura. "Tumepikia maji yetu ya pale chini ya kiwanda."

Vijiko vikasimama hewani. Wote wakamgeukia Tumbili, mfanyakazi anayefungulia ule uchafu. Tumbili akajikuna kichwa.

"Mimi leo nina saumu, wazee."

"Mkurugenzi, anza wewe!" wanahisa wakafoka. "Si unasema ni safi?"

Fisi akaitazama minofu mpaka machozi yakamlenga.

"Mtambo uwekwe," akanong'ona. "Leo leo."

"Utawekwa, baba. Lakini kula kwanza," Mama Chura akambembeleza.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, fisi akasema ameshiba.