Pipa la Shaame

"Hivi wewe ni mjane au bado mke wa mtu?" jirani yangu Bi Mtumwa aliwahi kuniuliza. Sheria ya siku hizi inasema aliyegandishwa kwa baridi ili aje aamshwe hajafa, kwa hiyo mume wangu Shaame hana kaburi, nami sina eda. Leo nimemkuta kwenye maonyesho ya wahandisi wa ubaridi, ndani ya pipa la kioo, wageni wanapiga naye picha.

"Nipeni nimzike," nikamwambia mwenye kiwanda kilichomgandisha. "Mwenyezi Mungu anamngoja."

"Mama, huyu si maiti. Msalimie."

"Kila Ijumaa namsalimia huko kiwandani kwenu, mbona haitikii?"

Akacheka. "Usijali, hutamkosa. Pipa lako lile pale, ubavuni mwake. Tumeshaliwasha."

Nikajitanda kanga yangu, nikatoka.