Pale Alipofia Baba

Siku hizi mtu akifa, latitudo na longitudo za pale alipokata roho hufungwa, eneo la ukubwa wa mkeka, na haruhusiwi mtu kupakanyaga tena; akipakanyaga, kengele ya ukutani hulia. Kwetu tunapakwepa pa baba sebuleni na pa mdogo wangu Mwanaidi jikoni. Tumeshazoea.

Mama alipozidiwa, mume wangu Sefu alininong'oneza tukiwa tunakula, "Mama akifia kitandani, sisi tutalala wapi?"

Mama alimsikia. "Msihangaike, wanangu," akasema kutoka chumba chetu kimoja cha kulala. "Pa baba yenu pameshafungwa."

Akajikokota mwenyewe hadi sebuleni, akajilaza pale pale. Kengele ya ukutani ikaanza kulia.

Sefu akainuka, akaipunguza sauti, akarudi kuketi na kuniongezea mchuzi.