Udi wa Bi Zamzam

Tangu ije sheria ya harufu moja, hakuna nyumba wala nguo mjini Tanga inayonukia kitu kingine ila udi wa Bi Zamzam, na Bi Zamzam hakumwacha mtu asahau.

"Si wa chetezo tena, moshi marufuku," aliwaambia wageni kwenye mahafali ya bintiye. "Shemsa wangu ameutoa sumu yote maabarani, akapima unavyoingia mapafuni na unavyogusa roho. Katika manukato yote ya pwani, huu peke yake haudhuru, tena unatuliza watoto. Na ni mapishi ya marehemu mamangu!"

Vigelegele vikapasua ukumbi. Shemsa, ndani ya joho lake jekundu, alicheka hadi jino la mwisho.

Kelele zile zikamshtua Nargisi, mtoto wa Shemsa, aliyeanza kutembea juzijuzi tu. Aliteremka kitini akilia, akajipenyeza katikati ya mabuibui, akakumbatia miguu ya mwanamke mmoja na kuficha uso. Akanyamaza papo hapo.

"Bibi," alisema.

Mwanamke yule alikuwa mgeni kutoka Pangani, aliyepakwa udi ule ule mlangoni. Akacheka, akambeba. Bi Zamzam naye akacheka, akamnyooshea mjukuu wake mikono.

"Njoo, mama. Bibi yako ni mimi."

Nargisi alimtazama, akanusa, kisha akalaza kichwa kwenye bega lile lile la mgeni.

"Mwaona unavyotuliza?" Bi Zamzam aliwaambia watu kwa sauti ya juu, na mikono yake ingali imenyooka.