Asili ya Yaya

Rudsel aliichana kadi ya tano. Kamusi aliyokuwa akiiandika ya Kipapiamentu, lugha ya kisiwani kwao, ilikuwa imekwama kwenye neno moja tu, yaya, yaani mlezi wa watoto. Wataalamu wengine walidai limetoka Ureno, wengine Afrika, na kila barua yao ilizidi kumchanganya.

"Yaya!" aliita kwa hasira. "Neno hili wewe ulilisikia wapi?"

Ajuza aliyemlea tangu uchanga alitokea jikoni akijifuta mikono. "Kwako. Ndivyo ulivyoniita ulipoanza kusema. Mama yako akafuata, kisha mtaa mzima."

"Na kabla ya hapo uliitwa nani?"

Alimkazia macho. "Miaka hamsini, mwanangu. Leo ndiyo unauliza?"

Akarudi jikoni. Kalamu ya Rudsel ilibaki imegota kwenye kadi mpya, na doa la wino likazidi kutanda.